Lori la zamani la jeshi likimbie kiasi gani?

Kwenye dashibodi ya lori la kijeshi la Marekani aina ya M35A2 kuna kibao cha bati kinachomweleza dereva mwendo wa juu kabisa anaoruhusiwa katika kila gia. Gia ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho, ina kikomo cha maili 56 kwa saa, yaani kilomita 90. Lori hilo la tairi kumi lilibuniwa na kampuni ya Reo na kuingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye liliundwa pia na Kaiser Jeep na AM General. Lilibeba askari, risasi na chakula vitani Vietnam, likatumika katika majeshi ya nchi nyingi, kisha likaanza kuuzwa kwenye minada. Leo limo mikononi mwa wakulima, vikosi vya zimamoto vya vijijini na wapenzi wa magari ya kale.

Swali la kwanza la karibu kila anayelinunua ni moja: linaweza kukimbia zaidi ya pale kibao kilipoishia? Jibu ni kwamba linaweza, kwa muda. Mteremko mrefu unatosha kulifikisha kilomita 100 kwa saa, na hakuna kengele itakayolia. Ndiyo maana swali lenyewe linapaswa kubadilishwa. Anayetaka kuishi na lori la namna hii aulize ni sehemu gani itakayoshindwa kwanza, na ikishindwa nani atakuwa mbele yake. Mwendo salama wa lori la zamani hauamuliwi na injini peke yake. Unaamuliwa na kile kiungo kilichochoka kuliko vingine vyote, na mara nyingi ni kiungo ambacho dereva aliyeketi kwenye usukani hakioni wala hakisikii.

Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya uhaba

Ili kuielewa namba 90 kwenye kibao, ni lazima kuijua injini iliyo chini ya boneti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Magharibi yalitaka malori yasiyochagua mafuta. Vitani dizeli huweza kuisha, na anayeweza kuendelea kwa mafuta ya taa, mafuta ya ndege, au hata petroli pale inapobidi, ndiye anayefika. Nchini Ujerumani, mhandisi Siegfried Meurer wa kampuni ya MAN alitengeneza mfumo wa kuchoma mafuta ambamo kichwa cha pistoni kina shimo la mviringo. Mafuta hurushwa kwenye ukuta wa shimo hilo yakatanda kama utando mwembamba, kisha hewa ya moto inayozunguka kwa kasi huyavukiza na kuyachoma kidogo kidogo. Kwa njia hiyo hata mafuta yasiyo ya dizeli huungua bila kuipiga injini nyundo.

Kampuni ya Continental ya Marekani iliuchukua mfumo huo na kuunda familia ya injini zilizokuja kuwekwa kwenye M35A2: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 7.8, na mgandamizo mkubwa wa 22 kwa 1. Zilizofungwa turbo ziliitwa LDT-465. Anayedhani turbo hiyo ilikuwa ya kuongeza kasi amekosea. Kazi yake kubwa ilikuwa kuongeza hewa ili moshi mweusi upungue, kwa sababu msafara unaotoa wingu la moshi huonekana na adui kutoka mbali. Turbo za awali zilipiga mluzi mkali, na hadi leo wenye malori haya huyatambua kwa mluzi huo kabla hawajayaona.

Nguvu ya injini hiyo ni kiasi cha farasi 140. Lori tupu lina uzito wa karibu tani sita, na kwenye lami liliruhusiwa kubeba hadi tani nne na nusu juu yake. Pikapu nyingi za leo zina nguvu kuliko hiyo, zikiwa na uzito wa theluthi moja tu. Hapa ndipo dereva aliyezoea gari la kisasa anapopotoka. Gari dogo likienda kilomita 90 kwenye tambarare hutumia sehemu ndogo ya uwezo wake, na injini yake hupumua. M35A2 ikienda kilomita 90 iko ukingoni: mizunguko imefika mwisho, na akiba ya nguvu ni ndogo mno. Kinachoitwa mwendo wa kawaida kwa gari jingine, kwake ni kazi ya kufa na kupona.

Hesabu ya mizunguko 2,600

Gavana ya injini hii, ile sehemu ya pampu inayopunguza mafuta injini inapozidi kasi, imepangwa kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika. Namba hiyo ndiyo mama wa ile 90 ya kwenye kibao, na hesabu yake ni nyepesi. Katika gia ya tano, propela shafti huzunguka haraka kuliko injini kwa sababu uwiano wa gia hiyo ni takriban 0.79. Mizunguko 2,600 ya injini inakuwa kama 3,290 ya shafti. Difu nazo hupunguza kwa uwiano wa 6.72, hivyo tairi huzunguka mara 490 hivi kwa dakika. Tairi ya kiwandani, ya ukubwa wa 9.00-20, husogea mita 3.1 na kidogo kila inapozunguka mara moja. Zidisha, na utapata karibu kilomita 92 kwa saa. Wahandisi hawakuiokota namba yao. Walianzia kwenye injini wakashuka hadi chini kwenye lami.

Kwa nini basi 2,600 na si 3,000? Jibu liko kwenye konrodi, kile kifimbo cha chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Katika injini hii pistoni husafiri sentimita 12.4 kwenda juu, husimama, hurudi chini, husimama tena. Kwenye mizunguko 2,600 husimama na kugeuka zaidi ya mara 86 katika kila sekunde moja. Kila inapogeuka juu, konrodi ndiyo inayoivuta isiendelee kupaa. Mtu anayezungusha ndoo ya maji kwa kamba anaijua nguvu hiyo mkononi: ukiongeza kasi kidogo, mvuto unaongezeka sana. Kanuni yake ni kwamba nguvu hupanda kwa mraba wa kasi. Kutoka 2,600 kwenda 3,000 ni ongezeko la asilimia 15 tu la mizunguko, lakini mvuto kwenye konrodi na boliti zake hupanda kwa asilimia 33. Kwenye mizunguko 3,200 huuzidi ule wa kawaida kwa zaidi ya nusu.

Konrodi za injini za familia hii ndizo zenye sifa mbaya kuliko sehemu nyingine. Boliti ikikatika au beringi ikishika, konrodi hutoboa ubavu wa bloku na kutokea nje, mafuta ya injini yakamwagika barabarani, na hapo hakuna fundi wa kuzungumza naye kuhusu matengenezo. Injini imekwisha. Chuma kilichovutwa na kubanwa mamilioni ya mara kwa miaka 50 hakina tena uvumilivu kilichotoka nao kiwandani, na ufa ulioanzia ndani hauonekani kwa macho.

Mteremko ndio muuaji

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hulisikia wakiwa wamechelewa. Gavana haizuii injini kuzunguka. Inachofanya ni kupunguza mafuta tu. Kwenye tambarare hiyo inatosha, kwa maana bila mafuta hakuna nguvu ya kuisukuma injini zaidi. Kwenye mteremko mambo hugeuka. Uzito wa lori na mzigo wake ndio unaosukuma tairi, tairi zinazungusha difu, difu zinazungusha shafti, na shafti inaizungusha injini. Gavana imekwisha kukata mafuta yote, mguu wa dereva haupo hata kwenye pedali, na bado mshale wa mizunguko unapanda kupita 2,600, kupita 2,800, kupita 3,000. Mwenye lori atasema injini ilikufa bila sababu, kwani hakuwa amekanyaga mafuta. Sababu ilikuwa nyuma yake, imepakiwa kwenye bodi.

Kosa baya zaidi ni kurudisha gia lori likiwa tayari kwenye kasi ya mteremko. Kwenye M35A2, gia ya nne ikiwa kwenye mizunguko 2,600 lori huwa kwenye kilomita 72 kwa saa. Dereva anayeshuka kwa kilomita 90 kisha akalazimisha gia ya nne ili kusaidia breki, anaipandisha injini hadi kama mizunguko 3,250 kwa mkupuo mmoja wa klachi. Ameomba msaada kwa injini ambayo ameivunja wakati huohuo.

Dawa inajulikana na madereva wote wa malori walioshuka Kitonga mkoani Iringa au Salgaa nchini Kenya wakiwa na mzigo: gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Kwa kawaida ni ileile au ya chini kuliko ile ambayo ungepandia. Na kuweka free ili kuokoa mafuta ni kuikabidhi roho yako na za wenzako kwa breki peke yake. Kwa lori la zamani la jeshi, kama tutakavyoona, breki ndiyo sehemu ya mwisho inayostahili kuaminiwa hivyo.

Somo la mwaka 1944

Hamu ya kuishinda gavana haikuanza na wapenzi wa magari ya kale. Mwaka 1944, baada ya majeshi ya Washirika kutoka Normandy na kusonga mbele kwa kasi nchini Ufaransa, petroli na risasi zilikuwa zikibaki nyuma sana. Mnamo Agosti 25 ukaanzishwa msafara wa malori uliojulikana kama Red Ball Express, kwenye barabara zilizotengwa kwa ajili yake tu. Madereva wengi walikuwa Waamerika Weusi, katika jeshi lililokuwa bado likiwatenga kwa rangi. Siku chache baadaye karibu malori 6,000 yalisomba zaidi ya tani 12,000 kwa siku moja. Msafara ule uliendelea hadi Novemba 16.

Malori yao, mengi yakiwa GMC ya tani mbili na nusu, yalitumia petroli, na ndiyo yaliyotangulia M35 katika kazi. Amri ilisema mwendo usizidi maili 25 kwa saa, kilomita 40 tu, na kati ya lori na lori pawe na nafasi ya mita 55. Lakini vifaru vilikuwa vikisubiri mafuta, na madereva wengi waliondoa gavana kwenye kabureta ili wakimbie. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Kila saa waliyookoa ilikuwa na maana kwa askari aliyekuwa mstari wa mbele. Gharama yake hata hivyo ililipwa: tairi ziliisha, injini zikachakaa, malori yaliyozidishiwa mzigo yakavunjika, na madereva waliosinzia kwa uchovu walipata ajali.

Kinachofaa kukumbukwa na mmiliki wa leo ni kwamba wale walikuwa na jeshi zima nyuma yao. Lori likifa, jingine lilikuwa njiani kutoka Marekani. Mafundi na vipuri viliwafuata barabarani. Mkulima au zimamoto wa kijijini aliyenunua lori mnadani hana kiwanda nyuma yake. Jeshi liliweza kuamua kuliua lori ili kuiokoa siku. Yeye anahitaji lori lake liwepo kesho.

Tairi, breki na usukani

Tuseme injini ni nzima kabisa na haina wasiwasi. Bado kuna viungo vitatu vyenye kikomo chake.

Cha kwanza ni tairi. Zile za kijeshi za asili zina meno makubwa yaliyopangwa sawa pande zote, ili zivute kwenye tope mbele na nyuma, na ili adui asiweze kutambua uelekeo wa gari kwa kuangalia alama zake. Nyuzi zake za ndani zimepishana kwa mshazari. Tairi ya namna hiyo ni ngumu na hustahimili mawe, lakini hupata joto haraka ikikimbizwa kwenye lami, na lami ikilowa meno yale hushika kidogo sana. Zaidi ya hapo kuna umri. Tairi ambayo haijaisha meno inaweza kuwa imekufa ndani baada ya kukaa yadi miaka 20. Kwenye tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya ubavuni hueleza wiki na mwaka. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hiyo ni ya karne iliyopita, na haifai kufungwa mbele ya lori lolote linalobeba watu. Rimu zake nazo hufungwa kwa pete ya chuma. Pete isiyokaa vizuri huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kuua, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa ndani ya kizimba cha chuma na fundi anayeijua.

Cha pili ni breki. M35A2 ina breki za dramu kwenye ekseli zote tatu, zinazosukumwa na mafuta ya breki yakisaidiwa na upepo. Shida ni kwamba zote zinategemea masta silinda moja na njia moja ya mafuta. Paipu moja ya mpira ikipasuka kwenye gurudumu moja, mafuta humwagika na magurudumu yote sita ya breki hupoteza nguvu kwa pamoja. Magari ya kisasa yana njia mbili ili moja ikifa nyingine ibaki. Kinachobaki kwa M35A2 ni handibreki inayobana shafti nyuma ya sanduku la kugawia nguvu. Hiyo iliwekwa ili kulishikilia lori lililosimama. Kulisimamisha lori la tani kumi linalokimbia si kazi yake.

Tufanye hesabu ya umbali. Dereva makini huchukua kama sekunde moja na nusu tangu anapoona hatari hadi breki zishike. Kwa kilomita 90, lori limekwisha kusogea mita 37. Tukichukulia kwamba breki ziko katika hali nzuri na lami ni kavu, kiasi cha kupunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, litahitaji mita 78 nyingine. Jumla mita 115. Kwa kilomita 75, jumla hiyo inashuka hadi mita 85. Kati ya mwendo huu na ule kuna mita 30, na katika mita hizo 30 ndimo anamokuwa mtoto anayevuka barabara, au bodaboda aliyesimama ghafla.

Cha tatu ni usukani. Malori mengi ya aina hii hayana usukani wa kusaidiwa na mashine. Dereva hugeuza kwa mabega yake, na viungio vikilegea lori huanza kuyumba kadiri mwendo unavyopanda. Tairi ya mbele ikibasti kwa kilomita 90, ni mikono miwili ya binadamu dhidi ya tani kadhaa.

Pale jeshi lenyewe lilipopunguza mwendo

Anayedhani haya ni woga wa waandishi aangalie yaliyotokea kwa malori makubwa zaidi ya tani tano, familia ya M939, yaliyoingia katika jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hayo hayakuwa na upungufu wa nguvu. Matoleo ya kwanza yalifungwa injini ya Cummins ya lita 14 yenye nguvu za farasi 240, iliyozunguka taratibu kwa mizunguko 2,100, pamoja na gia zinazojibadilisha zenyewe. Kwa upande wa injini, kikomo kilikuwa mbali.

Tatizo lilijitokeza kwingine. Kwenye barabara zilizolowa, breki zilipokanyagwa kwa nguvu tairi zilijifunga, lori likateleza upande, na mara nyingine likapinduka na askari waliokaa nyuma. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1999 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichapisha taarifa maalumu kuhusu lori hilo. Jeshi liliweka kikomo cha maili 40 kwa saa, yaani kilomita 64, na kuanza mpango wa kufunga tairi za radiali na mfumo wa kuzuia tairi kujifunga wakati wa breki. Lori lililokuwa na uwezo wa kukimbia mbali zaidi ya hapo liliamriwa kwenda polepole, kwa sababu kiungo chake dhaifu hakikuwa injini.

Majeshi mengine yalikuwa yamelijua hilo tangu mwanzo, yakayafungia malori yao gia fupi. MAN 630 ya Ujerumani, yenye injini ya mfumo uleule wa Meurer na nguvu za farasi 130, haikupita sana kilomita 66 kwa saa. KrAZ-255 ya Umoja wa Kisovyeti ilikuwa na injini kubwa ya silinda nane, lita karibu 15 na nguvu za farasi 240, lakini mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 70. Bedford MK ya Waingereza ilibaki chini ya 80. Lori la jeshi hupimwa kwa tope linalopita, mto linaovuka na mzigo linaofikisha. Nguvu yote ilielekezwa huko.

Waliokuwa wakiishi Nairobi miaka ya 1970 na 1980 waliyaona malori ya Bedford kwa macho yao. Kampuni za safari za Uingereza zilinunua malori yaliyostaafu jeshini, zikayafungia viti na mahema, na kuwavusha vijana wa Ulaya Sahara na misitu ya Kongo hadi Afrika Mashariki. Safari ilichukua miezi. Malori yale yalifika kwa sababu madereva wake walikuwa wakipiga hesabu za masika, vipuri na mafuta, na si za kasi.

Ukibadilisha kimoja, umehamisha mzigo

Njia ya mkato inayopendwa ni kufunga tairi kubwa zaidi. Hesabu yake inavutia: tairi kubwa husogea mbali zaidi kila inapozunguka, hivyo kwa mizunguko ileile lori huenda haraka zaidi, pengine kwa asilimia 8 hadi 15 kutegemea saizi. Injini inatulia, kelele inapungua, na dereva anaona ameshinda. Ila breki ni zilezile, na sasa zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi kutoka kwenye mwendo mkubwa zaidi. Nguvu ya mwendo, kama ile ya konrodi, hupanda kwa mraba: kutoka kilomita 75 kwenda 100, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza huongezeka kwa karibu asilimia 78. Kipimo cha mwendo kwenye dashibodi nacho huanza kusoma pungufu, kwa kuwa hakijui kwamba tairi zimebadilishwa.

Njia ya pili ni kumwomba fundi wa pampu aongeze mafuta. Dizeli ikipata mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, moshi huwa mweusi na joto la moshi hupanda. Wenye uzoefu hufunga kipimo cha joto kwenye bomba kabla ya turbo, na hujitahidi lisizidi kama nyuzi 650 za Selsiasi kwa muda mrefu. Likipita hapo na kudumu kwenye mlima, pistoni huanza kulainika, vali huungua na turbo hupasuka. Asiye na kipimo hicho hapaswi kugusa pampu kabisa. Na baada ya kazi ngumu injini iachwe ingurume taratibu kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzimwa, ili mafuta yaendelee kuipoza turbo.

Vikosi vya zimamoto vya vijijini Marekani, ambavyo hupata malori haya kupitia mpango wa serikali wa kugawa mali iliyozidi, vina hatari yao ya ziada. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 5,000 ni tani tano kabla hujaweka pampu, mipira na watu, na lori tayari limepita uzito wake. Maji hayo yakiwa nusu tangi bila kuta za ndani za kuyatuliza, hujitupa upande kwenye kona na kulisukuma lori nje ya barabara. Wazimamoto wamepoteza maisha wakielekea kwenye moto kabla hata hawajauona.

Mwendo wa kuishi nao

Kwa M35A2 iliyotunzwa, yenye tairi za kiwandani, wanaoyaendesha kwa miaka mingi hukaa kati ya kilomita 72 na 80 kwa saa kwenye lami. Huo ni mizunguko 2,050 hadi 2,270 hivi, na unaacha nafasi ya kutosha chini ya kikomo. Nafasi hiyo ndiyo inayolimeza kosa: upepo wa ghafla, kilima kidogo cha kushuka, mguu uliosahau. Ukienda ukingoni, kosa dogo la kwanza linakuvusha. Kwetu Tanzania na Kenya, sheria pia imeyawekea malori makubwa kikomo cha kilomita 80, na kwa gari la zamani kikomo hicho hakipaswi kugeuzwa kuwa shabaha ya kufikiwa.

Kabla ya hapo kuna ukaguzi usioweza kurukwa. Paipu za breki za mpira zibadilishwe zote, hata zinazoonekana nzima. Masta silinda ifunguliwe. Tairi zisomwe tarehe. Kipimo cha mizunguko kihakikiwe kwamba kinasema kweli, na kipimo cha msukumo wa mafuta ya injini vilevile. Lori ambalo historia yake haijulikani liendeshwe kama lenye kila ubovu mpaka fundi athibitishe vinginevyo.

Wengi hulalamika kwamba kwa mwendo huo hawafiki. Tupige hesabu ya mwisho. Safari ya kilomita 300 kwa mwendo wa 90 bila kusimama ni saa 3 na dakika 20. Kwa mwendo wa 75 ni saa 4 kamili. Tofauti ni dakika 40. Kwa dakika hizo mwenye lori ananunua konrodi zisizovutwa hadi kukatika, breki zenye akiba, na mita 30 za uhai kwa mtu asiyemjua anayetokea mbele yake. Wahandisi waliolibuni lori hilo wengi wamekwisha kufariki, na hakuna kiwanda kitakachotengeneza jingine. Kwa yeyote aliyekabidhiwa mashine ya namna hiyo, na barabara anayotumia pamoja na watoto wa wenzake, dakika 40 ni bei ndogo, na ailipe kila safari.